Jeni za chuma hazijibu: kutatua matatizo ya kuotesha bakteria wa baharini kwenye chuma kidogo

Bakteria hapimi chuma kilichomo kwenye chupa. Anapima Fe²⁺ iliyo huru ndani ya seli yake mwenyewe, na karibu kila hitilafu iliyoorodheshwa hapa inatoka kwenye pengo hilo: daftari linasema chuma hakuna, seli inasema kipo.

Kwa Vibrio, Marinobacter, Alteromonas na jamaa zao, kipimo cha ndani ni protini iitwayo Fur. Fur ikiwa na Fe²⁺ hukaa juu ya DNA karibu na promota (sehemu inayoanzisha usomaji wa jeni), kwenye kipande cha herufi 19 ambacho mfuatano wake wa kawaida ni GATAATGATAATCATTATC, na jeni iliyo mbele yake haisomwi. Chuma kikipungua, Fur inaachia. Hapo zinawaka jeni za kutengeneza sideroforo (molekuli ndogo zinazotolewa nje kwenda kukamata chuma), jeni za vipokezi vya kwenye utando wa nje, na jeni za kuingizia heme (molekuli inayobeba chuma). Inawaka pia RNA ndogo, RyhB, ambayo husababisha kuvunjwa kwa mRNA za protini zinazotumia chuma, kama sodB na sdh. Kwa hiyo upungufu wa kweli una alama mbili kwa pamoja: kundi moja la jeni linapanda, jingine linashuka. Ukiona upande mmoja tu, endelea kutilia shaka.

Kumbuka pia ukubwa wa namba. Maji ya juu ya bahari iliyo mbali na pwani kwa kawaida yana chuma kilichoyeyuka chini ya nanomola 1 (nM), na zaidi ya 99% yake imeshikwa na molekuli za kikaboni. Maabara ya kawaida inaweza kuingiza mara elfu ya kiasi hicho bila mtu kugusa chupa ya chuma.

Dalili ya 1: Bakteria wanaota vizuri tu kwenye lishe "isiyo na chuma"

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na chanzo kinachoongoza ni mbegu uliyopandia, yaani bakteria wa kuanzia.

Watu wengi hukuza mbegu kwenye Marine Broth 2216. Lishe hiyo ina sitreti ya feriki gramu 0.1 kwa lita, yaani takriban mikromola 400 (µM) za chuma. Ukipanda mililita 1 ndani ya mililita 99 za lishe mpya, umebeba takriban 4 µM. Sasa piga hesabu ya mahitaji. Seli moja hutumia kati ya atomi laki moja na milioni moja za chuma. Seli 10⁹ kwa kila mililita, ambao ni mmea mzito ("mmea" hapa ni bakteria wanaokua pamoja na lishe yao), zinahitaji kati ya 0.2 na 1.7 µM. Ulichobeba kwenye pipeti kinatosha kulisha chupa nzima na kubaki. Juu ya hapo seli zenyewe zimekuja na akiba kwenye feritini na bakterioferitini, na akiba hiyo haiondoki kwa kuosha; inaondoka kwa seli kugawanyika.

Fanya hivi:

1. Zungusha mbegu kwenye sentrifuji kwa nguvu ya takriban 4,000 g, dakika 10. Mwaga maji ya juu.
2. Osha mara mbili kwa maji ya chumvi yaliyoondolewa chuma. Usitumie maji matupu, kwa sababu bakteria wa baharini hupasuka yakikosa sodiamu.
3. Panda 1:100 kwenye lishe ya chuma kidogo, acha waote, kisha panda tena 1:100. Kila uhamisho ni vizazi sita hadi saba, na akiba inagawanywa kwa nusu kila kizazi.
4. Jaribio lenyewe lianze kwenye uhamisho wa tatu.

Kama mbegu ni safi na bado wanaota, geukia kemikali. Dondoo la chachu, peptoni na asidi za amino za kaseini zote huja na chuma. Afadhali kutumia glukosi, suksineti au gliseroli pamoja na chumvi ya amonia. Chumvi ya kawaida nayo haina huruma. NaCl yenye sehemu 1 ya chuma kwa milioni inaonekana safi sana kwenye lebo, lakini gramu 23 kwa lita zinaleta takriban 0.4 µM. Ndiyo maana kuchagua daraja la juu la chumvi kunasaidia sana.

Ukihitaji kushuka zaidi, pitisha lishe kwenye resini ya Chelex-100: gramu 5 kwa kila mililita 100, koroga kuanzia saa moja hadi usiku mzima, kisha chuja. Hapa watu wengi huteleza. Resini haichagui chuma peke yake. Inachukua kalisi, magnesi, zinki, manganizi, kobalti na shaba, na ile iliyo katika hali ya sodiamu hupandisha pH. Kwa hiyo usiweke kalisi na magnesi mwanzoni. Ziongeze baadaye kutoka kwenye chumvi safi sana, rudisha madini mengine madogo bila chuma, halafu pima pH upya.

Chanzo cha tatu ni vyombo. Kioo hushika chuma na kukiachia polepole. Mvuke wa otoklevu hubeba kutu ya mabomba. Tumia chupa za polikaboneti au politini: osha kwa sabuni ya maabara, suuza, loweka kwenye asidi ya hidrokloriki 10% (takriban mola 1.2) kwa saa 24 au zaidi, wiki ikiwezekana, kisha suuza mara tano kwa maji ya kiwango cha 18.2 MΩ·cm na ukaushe mahali pasipo vumbi. Safisha lishe kwa kichujio cha mikromita 0.2, si kwa otoklevu. Vijiko vya chuma vikae mbali na mizani.

Ukaguzi wa haraka wa kama upungufu upo: andaa mirija mitatu kutoka mbegu moja. Wa kwanza usiongezwe kitu, wa pili uongezwe FeCl₃ 10 µM, wa tatu uongezwe kelata (kemikali inayoshika chuma). Wa kwanza na wa pili wakiota sawasawa, chuma bado kipo na hakuna haja ya kuendelea kutoa RNA. Ukaguzi huu hugharimu usiku mmoja, na unapaswa kutangulia kila jaribio la jeni.

Kuna dokezo moja la macho. 2,2′-dipiridili, mojawapo ya kelata, ikikutana na Fe²⁺ hugeuka rangi ya waridi hadi nyekundu. Ukiimimina kwenye lishe na ukaona uwaridi hata kidogo, una mikromola kadhaa za chuma au zaidi, na lishe hiyo haifai. Kutoona rangi hakuthibitishi usafi: kiasi cha mikromola 1 hakionekani kwa macho, na Fe³⁺ haitoi rangi hiyo mpaka ipunguzwe kwanza, kwa mfano kwa askobeti.

Dalili ya 2: Ukuaji umeshuka, lakini jeni zimetulia

Anza na swali rahisi: je, ni chuma kweli kilichowapunguza? Rudisha chuma peke yake kwenye sehemu ya mmea huo. Ukuaji usipopanda, wanakosa kitu kingine: fosfeti, nitrojeni, au mojawapo ya madini yaliyonyonywa na resini.

Ukuaji ukipanda na jeni bado zilitulia, angalia wakati wa kuchukua sampuli. Jibu la Fur huja ndani ya dakika, si baada ya usiku mzima. Baada ya kuongeza dipiridili kwenye seli zinazokua kwa kasi, chukua sampuli dakika ya 15, 30, 60 na 120. Anayesubiri mpaka asubuhi hukuta seli zimefika mwisho wa ukuaji, sideroforo zimejaa na zimeshaanza kurudisha chuma ndani.

Kisha angalia namna sampuli ilivyokamatwa. mRNA nyingi za bakteria huishi dakika chache tu. Ukizungusha seli dakika 20 kwenye sentrifuji kabla ya kuzisimamisha, unachosoma ni jinsi zilivyoitikia sentrifuji. Mimina myeyusho wa kusimamisha (fenoli 5% ndani ya ethanoli) kiasi cha sehemu moja kwa nane ya mmea, moja kwa moja ndani ya chupa, weka kwenye barafu, ndipo uzungushe. Fenoli huunguza ngozi bila maumivu ya mwanzo, kwa hiyo glavu na kabati la kufyonza hewa si hiari.

Manganizi ni chanzo kisichoshukiwa. Fur inaweza kushika Mn²⁺ badala ya Fe²⁺ na kuendelea kuzima jeni. Kama mchanganyiko wako wa madini madogo una manganizi nyingi, ipunguze mara kumi na ujaribu tena.

La mwisho halihusu mapishi hata kidogo: huenda unasaka mlinzi asiye wa nyumba hiyo. Kwenye kundi la Roseobacter na alfaproteobakteria wengi wa baharini, kazi ya Fur hufanywa na RirA na Irr. RirA hutegemea vishada vya chuma na salfa, Irr hufuata heme. Protini inayofanana na Fur kwao mara nyingi ni Mur, nayo inasimamia manganizi. Ukitafuta kipande cha Fur kwenye jenomu zao na kuchagua jeni za kupima kwa kigezo hicho, utapima jeni zisizohusika. Soma jenomu kwanza, orodhesha vidhibiti vilivyopo, ndipo uagize praima.

Dalili ya 3: Umerudisha chuma, jeni hazizimi

Mara nyingi chuma hakikurudi. Kwenye pH ya 8 hivi, Fe³⁺ isiyoshikwa na kitu hugeuka mashapo ya kutu, na Fe²⁺ hugeuka Fe³⁺ ndani ya dakika chache kukiwa na oksijeni. Ukiona wingu la manjano-kahawia pale tone linapoingia kwenye lishe, chuma hicho kinashuka chini ya chupa. Weka FeCl₃ ya milimola 10 ndani ya asidi ya hidrokloriki ya mola 0.01 au kali zaidi, na wakati wa kuitumia changanya kwanza na sitreti iliyozidi chuma mara nyingi. FeSO₄ itengenezwe siku hiyohiyo. Chupa ya FeSO₄ iliyogeuka njano imwagwe kwenye taka za kemikali.

Chanzo cha pili ni hesabu ya kelata. Molekuli tatu za dipiridili hushika atomi moja ya chuma. Ukiwa umeweka 150 µM, unahitaji chuma 50 µM ili kuijaza yote, na mtu aliyeongeza 10 µM ameacha sehemu kubwa ya kelata ikiwa na njaa. EDDHA, kelata nyingine, hushika atomi moja kwa kila molekuli, kwa hiyo hesabu yake ni rahisi zaidi. Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini dipiridili 150 µM haifui dafu ndani ya Marine Broth 2216: kelata inaweza kushika 50, na kwenye lishe kuna 400.

Ukijaza kelata na jeni bado zimewaka, fikiria zinki. Dipiridili na EDTA hushika zinki na shaba pia, na baadhi ya vipokezi ulivyodhani ni vya chuma vinasimamiwa na Zur, kidhibiti cha zinki. Gawa mmea mara tatu: rudisha chuma kwenye wa kwanza, zinki kwenye wa pili, manganizi kwenye wa tatu, kila moja peke yake. Jeni inayozimwa na zinki pekee si ya hadithi yako ya chuma.

Kama unatumia GFP (protini inayong'aa kijani) badala ya kupima RNA, tatizo linaweza kuwa la protini hiyo tu. GFP ya kawaida hukaa saa nyingi. Promota imeshazimwa, mwanga bado upo. Tumia aina iliyofungwa mkia wa kuharakisha uharibifu, kama ASV au LVA, au pima mRNA yenyewe.

Dalili ya 4: Jeni zimewaka muda wote, hata chuma kikiwa tele

Promota iliyopandikizwa kwenye plazimidi (DNA ndogo iliyo nje ya kromosomu) ya nakala nyingi ndiyo chanzo cha kawaida. Kila nakala ina kipande cha Fur. Nakala zikiwa nyingi, zinainyonya Fur yote, na jeni zinawaka kwa sababu mlinzi amegawanywa kupita kiasi. Jambo hili ni la uhakika kiasi kwamba kuna mbinu ya kutafuta vipande vya Fur iliyojengwa juu yake. Hamisha kiashiria kwenye kromosomu kwa nakala moja, au tumia plazimidi ya nakala chache.

Ikiwa jeni ya asili kwenye kromosomu nayo haizimi, soma mfuatano wa fur. Seli zilizopoteza Fur hustahimili manganizi kuliko za kawaida, na MnCl₂ ya milimola 10 kwenye agari hutumika kuzichagua. Ukiwa umeotesha bakteria kwa muda mrefu kwenye manganizi nyingi, huenda umezichagua bila kukusudia. Rudi kwenye akiba iliyogandishwa.

Dalili ya 5: Kipimo cha CAS kinapingana na jeni

CAS ni ile rangi ya buluu inayogeuka chungwa sideroforo ikikwapua chuma chake (Schwyn na Neilands, 1987). Inadanganya pande zote mbili.

Ikionyesha chungwa bila jeni kuwaka: lishe ina fosfeti, sitreti au EDTA, ambazo nazo huvuta chuma. Linganisha daima na lishe ileile isiyopandwa, iliyokaa muda uleule.

Isipoonyesha kitu wakati jeni zimewaka, kuna sababu kadhaa. Kwenye sahani, sabuni ya HDTMA iliyomo inaweza kuwadhuru baadhi ya bakteria, kwa hiyo pima maji ya juu yaliyochujwa: mililita 0.5 kwa mililita 0.5 za CAS, soma kwenye nanomita 630. Yasipoonyesha kitu, chunguza seli zenyewe. Amfibaktini, aina ya sideroforo, zina mkia wa asidi ya mafuta na hubaki zimeshikamana na utando. Zitoe kwenye seli kwa methanoli. Mwanga nao ni adui. Sideroforo kama akwakelini, marinobaktini na petrobaktini zikishika Fe³⁺ huvunjika zikipigwa jua na kuachia Fe²⁺. Funika chupa kwa karatasi ya alumini, upande wa nje tu.

Kwa Vibrio anguillarum aina ya 775, hakikisha plazimidi ya pJM1, yenye takriban kilobesi 65, bado ipo. Jeni nyingi za kutengeneza angwibaktini, sideroforo yake, ziko humo. Ikipotea, seli zinaota vizuri kwenye lishe nono na kukwama pale chuma kinapobanwa.

Dalili ya 6: Hawaoti kabisa

Kelata imezidi. Panda ngazi: 25, 50, 75, 100, 150 µM, na chagua kiwango kinachopunguza kasi ya ukuaji bila kuisimamisha. Dipiridili huingia ndani ya seli na kupokonya chuma cha vimeng'enya. EDDHA hubaki nje na ni mpole zaidi kwa majaribio marefu. Weka mrija wa bakteria ulioongezwa ethanoli bila kelata ili kutenga athari ya kiyeyusho. Kagua kalisi, magnesi na pH baada ya resini.

Deferoksamini, kelata nyingine, ina mtego wa upande wa pili: Vibrio vulnificus na wengine wana kipokezi cha kuichukua ikiwa na chuma. Kwao hiyo ni chakula.

Dalili ya 7: Marudio ya qPCR hayakubaliani

Kwenye qPCR, yaani kupima kiasi cha mRNA ya jeni, usilinganishe na 16S rRNA. Kiasi cha rRNA hufuata kasi ya ukuaji, na upungufu wa chuma ndio unaoibadilisha. Jaribu jeni tatu, mfano gyrA, recA na rpoD, na utumie zile ambazo hazisogei kwenye hali zako zote. Sampuli isiyotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA iwe nyuma kwa mizunguko 7 au zaidi. Ikikaribia, DNA haijaisha. Uwiano wa 260/230 (mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 dhidi ya 230) ukiwa mdogo sana, kuna chumvi au mabaki ya kemikali. Osha tena kwa ethanoli 70–80%.

Mahali pa kusimama na kuita mtaalamu

Kupima chuma cha nanomola ndani ya maji ya chumvi si kazi ya spektrofotomita ya mezani. Ferozini, kemikali ya rangi ya kupimia chuma, kwenye kuveti ya sentimita 1 inafaa kwa mikromola. Chini ya hapo inahitajika ICP-MS (mashine inayotambua atomi kwa uzito wake) yenye hatua ya kutenga chumvi, kwa sababu chumvi huziba mashine na muungano wa agoni na oksijeni una uzito uleule wa 56 kama chuma. Peleka sampuli kwa maabara inayofanya kazi hiyo, kwenye chupa zilizolowekwa asidi, pamoja na chupa tupu za kulinganishia.

Usimwage dawa ya klorini juu ya taka za RNA zenye guanidini thayosayaneti. Hutoa gesi za sumu. Ikishatokea, toka chumbani, funga mlango, ita msimamizi wa usalama.

V. cholerae, V. parahaemolyticus na V. vulnificus huoteshwa tu kwenye maabara ya usalama wa kiwango cha 2. Mwenye ugonjwa wa ini au wa chuma kuzidi mwilini asishike V. vulnificus, maana chuma hichohicho kinachozima Fur kwenye chupa humpa bakteria huyo nafasi ya kukua haraka kwenye damu. Jeraha lililoguswa na mmea wake likivimba, likiuma kupita ukubwa wake au likitoa malengelenge, nenda hospitali saa hiyohiyo na umtajie daktari jina la bakteria: maambukizi yake yanaweza kuua tishu ndani ya siku moja.